Bega la Nne

Nesi Elieth alivua glovu, akazitupa kwenye ndoo, kisha akamwita Josephina pembeni. Hakumwita Nickson, mwenye mke. Wala hakumwita Mzee Marcel, baba mkwe, aliyekuwa amesimama mlangoni pa zahanati na kofia mkononi kama yuko kanisani. Alimwita mama mkwe, kwa sababu mama ndiye aliyekesha naye wakimgeuza mgonjwa huku na huku.

"Mama, mtoto amekingama. Mkono umetangulia. Mimi hapa nimefika mwisho wa uwezo wangu. Rabia anatakiwa apasuliwe, na kupasuliwa ni mpaka Kasulu."

"Yee mawe," alisema Josephina, akashika ukuta.

"Nimeshaongea nao. Gari la wagonjwa linakuja mpaka Rusenyi, juu kule barabara inakoishia. Saa tatu litakuwa limefika. Mkimfikisha saa tatu, hata saa nne, tunaweza kuwapata wote wawili. Ikifika saa tano, mama..." Nesi Elieth alikuwa mtu wa Singida, hajui kuzunguka na maneno, lakini hili hakulimaliza. Alimpa barua ya rufaa. "Msifike saa tano."

Josephina akaiweka barua kifuani. Nje kulikuwa kunapambazuka.

Kutoka Bugonzi kuna njia mbili, ya maji na ya mlima. Asubuhi ile ya mwezi wa nne, mwaka 2014, ya maji haikuwapo. Zilikuwa siku za giza, na siku za giza ndizo za dagaa. Mitumbwi yote yenye injini ilikuwa imekwenda kambini ng'ambo ya rasi pamoja na kila mwanamume mwenye nguvu zake, hawarudi mpaka mwezi uandame. Kijijini walibaki wanawake, watoto, wazee na wale wenye udhuru. Basi ukabaki mlima. Unaanzia nyuma ya nyumba za mwisho za mabati na unapanda tu, mawe na matope, mwendo wa saa mbili kwa mtu asiye na mzigo, na mahali pa kupumzika ni mahali patatu tu njia nzima.

Mzee Marcel hakupoteza muda. Hilo lazima asemewe, kwa sababu baadaye watu walimsema sana.

"Huku kwenu mnabebea nini wagonjwa?" alimwuliza Saidi, kaka yake Rabia.

"Boti, mzee."

"Na boti isipokuwepo?"

Saidi alikuna kichwa. "Kuna jeneza la msikiti."

"Ebo! Mtu anakwenda kuzaa, umlaze kwenye jeneza?"

Saidi akainama. Marcel alikwenda ufukweni, akang'oa miti miwili mirefu kwenye kichanja cha kuanikia dagaa bila kumwuliza mwenye nacho, akaomba kipande cha wavu, akakikunja mara nne, akakifunga katikati ya ile miti kwa kamba za mpira. Alitandika blanketi juu. Nusu saa haikuisha, ngobyi, ile machela ya kwao, ikawa tayari, imara kuliko vitanda vingi vya pale kijijini. Alikuwa mtu wa Heru Juu, huko Kasulu, amekuja Bugonzi na mkewe Josephina kumngoja mjukuu, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa mwenyekiti wa ngobyi katika kitongoji chao. Kila nyumba inatoa mwanamume mmoja. Mgonjwa akizidiwa, baragumu linapigwa, wanaume wanakuja, wanne wanaingia chini ya miti na wanne wanafuata nyuma kuwapokea. Mlevi habebi. Aliyegombana na wa mbele yake habebi mpaka wapatane. Na mwanamke hashiki mti, hata kwa kidole. Sheria hizo Marcel hakuzitunga yeye, alizikuta, lakini alizishika mpaka akajulikana kwazo.

Siku hiyo hakupata wanane. Alipata wanne, na mmoja wao alikuwa yeye mwenyewe, miaka hamsini na tisa. Wa pili Nickson, mwanawe, aliyehamia Bugonzi na kuoa huko. Wa tatu Saidi, ambaye hakwenda kambini kwa kuwa alikuwa ametoka tu kwenye homa, bado macho yamemwingia ndani. Wa nne alikuwa Abdalah, fundi wa mitumbwi, mtu wa kitambi na moyo mwema, aliyeacha randa yake chini ya mtumbwi na kusema, "Haya, wapi nishike?"

Walimlaza Rabia. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, mcheshi, ndiye pekee katika ukoo mzima aliyethubutu kumtania Marcel usoni kwa kumwita baba mwenyekiti. Alinusa ule wavu, akakunja pua.

"Baba mwenyekiti," alisema kwa sauti ndogo, "mjukuu wako atazaliwa ananuka dagaa."

"Atazaliwa Kasulu, atanukia dettol," alijibu Marcel. Hata Nickson alicheka. Walikuwa bado wanaweza kucheka. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu.

*

Nusu ya kwanza ya mlima waliipanda vizuri. Marcel na Abdalah walikuwa mbele, vijana wawili nyuma, kwa sababu kwenye mwinuko, wa nyuma ndiye anayebeba. Chupa ya dripu ilifungwa kwenye kijiti kilichosimamishwa juu ya mti. Josephina alifuata na mzigo kichwani: beseni, kanga nne, nguo za mtoto, chupa ya chai. Mvua ilikuwa ya manyunyu, siyo ya kuzuia safari, ila mawe yalikuwa yameanza kuteleza.

"Kulia," Marcel aliita. "Jiwe. Taratibu. Haya, panda."

Walipumzika pumziko la kwanza kwa dakika tano, kwa saa ya simu ya Nickson. Josephina alimpa Rabia chai kwa kijiko. Alipoangalia chini aliona ziwa lote, jeupe, halina hata mtumbwi mmoja, na mapaa ya Bugonzi yakiwa madogo. Alihesabu kichwani. Wakienda hivi saa tatu na nusu wako juu. Akaona moyo wake umetulia kidogo, akajilaumu kwa kutulia mapema.

Saa mbili na nusu walikuwa karibu na pumziko la pili. Zilibaki hatua kama ishirini, pale njia inapopita kwenye jiwe moja bapa linalotiririka maji. Abdalah alikanyaga, mguu ukaenda, kitambi kikamvuta. Hakuuachia mti. Hilo naye asemewe, fundi wa watu. Aliukumbatia akaanguka nao magoti, ili ngobyi isipige chini, na mguu ukabaki umepinda chini yake. Rabia alipiga ukelele mmoja.

"Amepona? Hajaanguka?" Abdalah aliuliza, jasho likimtoka.

"Yuko sawa, fundi. Inuka."

Hakuinuka. Kifundo cha mguu kilikuwa kinavimba wakikiangalia. Walimburuta Rabia na ngobyi yake mpaka kwenye pumziko, wakamrudia Abdalah, wakamkalisha juu ya jiwe. Kisha wakasimama wanaume watatu, wakaitazama miti miwili yenye ncha nne.

"Tukijaribu watatu?" aliuliza Saidi.

Walijaribu. Marcel alisimama mbele peke yake katikati ya miti, kila mkono mti wake. Hatua ya tano ngobyi ikaanza kulala upande, Rabia akawa anateleza kuelekea bondeni, Josephina akamdaka kiunoni. Wakashusha.

"Kumbeba mgongoni?" Nickson alisema, lakini alipoangalia lile tumbo aliliacha wazo mwenyewe.

Marcel alitoa simu. Pale pumziko la pili mtandao unapatikana ukisimama juu ya kichuguu. Alimpigia Reverien, binamu yake, anayekaa Rusenyi juu, mwanachama wa ngobyi ya huko.

"Reverien! Marcel hapa. Tuko pumziko la pili na mke wa Nickson, uzazi umemkalia vibaya, mtu wetu wa nne ameumia. Shuka upesi. Egome, ndiyo. Egome. Umeshatoka?"

"Niko njiani, kaka."

Simu ya Marcel ilikuwa ya sauti kubwa, kila mtu alisikia. Josephina alisikia na kingine, jogoo akiwika na mtu akisugua sufuria.

"Huyo bado yuko kwake," alisema.

"Amesema yuko njiani."

"Njiani kuna sufuria?"

Marcel alibonyeza tena namba ileile. Salio lilikuwa limekwisha, na simu ya Nickson haikuwa na hata shilingi. Alikaa juu ya kichuguu, akaiweka simu juu ya goti, akaitazama.

*

Dakika kumi zilipita, kisha ishirini. Rabia alikuwa akipandwa na uchungu, akiuma kanga, kisha akiachia na kufumba macho. Kila alipoachia, Josephina aliona rangi yake imepungua.

"Baba Nickson," alisema Josephina. "Mimi nitashika."

"Kushika nini?"

"Mti. Nitashika mbele pamoja na wewe. Njia iliyobaki ni saa moja."

Marcel alimtazama kwanza kwa mshangao, kisha kwa haya, akageuka kuona kama Abdalah amesikia. Abdalah alijifanya anakanda mguu wake.

"Mama Nickson, kaa chini."

"Mahindi ya nani nimeyabeba kutoka soko la Kasulu mpaka Heru Juu? Gunia zima, na Nickson mgongoni."

"Sijasema huna nguvu. Nimesema mwanamke hashiki mti wa ngobyi. Tena anayebebwa anakwenda kuzaa! Unataka umfunge kabisa?"

Na tuseme ukweli, hapo Josephina naye aliogopa. Maneno yale aliyasikia tangu akiwa msichana anachota maji: mwanamke akiingiza bega chini ya mti, aliyelala juu hufungwa njia. Hakuwahi kuona amefungwa nani. Hakuwahi kusikia jina lake wala kitongoji chake. Lakini kitu ukishakisikia miaka arobaini hakikuulizi kama unakiamini. Alifikiri, nikishika na akifa, watasema ni mimi. Watasema mpaka nizikwe. Akakaa chini.

"Baba," alisema Nickson, bila kuinua macho. "Mama ana nguvu kuliko Saidi hapa."

"Ni kweli," alisema Saidi.

"Ukiwa na kitongoji chako utaweka sheria zako," Marcel alimwambia mwanawe. "Reverien anakuja. Anatoka Rusenyi, anashuka, siyo anapanda. Nusu saa tu."

Nickson alikuwa na miaka ishirini na minane. Alikuwa amelala kwenye ziwa lenye mawimbi usiku mia, hakuogopa. Alimwogopa baba yake. Alikwenda kukaa kichwani pa mkewe, akawa anamfuta mvua usoni kwa kiganja.

Saa tatu na nusu wakatokea wanawake watatu wakishuka kutoka Rusenyi, wanapeleka unga wa muhogo kuuza Bugonzi. Kila mmoja alikuwa na kiroba cha kilo hamsini kichwani, mikono imeachiwa, wanaongea. Walipoiona ngobyi chini walitua mizigo. Aliyetangulia aliitwa Esteri. Josephina alimjua kwa sura, alikuwa amenunua unga kwake Bugonzi.

"Mwakeye. Poleni. Kuna nini?"

"Mwakeye neza. Ni uzazi," alisema Josephina. "Mtu wa nne ameumia. Njiani hamkumwona Reverien?"

"Reverien? Tumemwacha kwake barazani."

Josephina hakumtazama mumewe. Hakuhitaji.

Esteri aliinama juu ya Rabia, akaweka mgongo wa mkono kwenye shavu lake. Aliponyooka, uso wake ulikuwa mwingine. Aliiangalia ile miti, akawaangalia wenzake wawili, akamwangalia Marcel.

"Baba, na sisi hapa tupo watatu," alisema polepole.

Marcel alitabasamu. Lilikuwa tabasamu la adabu, la kumkatalia mgeni asiyejua. "Asanteni sana, mama zangu. Wanaume wanakuja."

Mmoja wa wale wanawake alikohoa. Walisimama pale kama dakika mbili, maji yakiwatiririka kwenye shingo, wakimngoja mtu mwingine aseme kitu, na wa kusema hakupatikana. Kisha wakasaidiana kujitwisha. Kilo hamsini, moja baada ya nyingine, hup, hup, hup. Esteri alikuwa wa mwisho. Alimtazama Josephina kwa muda, akashuka.

Rabia alikuwa ameyasikia yote. Alifumbua macho.

"Mama."

"Niko hapa, mwanangu."

"Si unaweza wewe? Nimekuona unabeba." Alipumua. "Niinueni, mama. Mimi sina neno. Nifungwe, nisifungwe, niinueni tu."

Hapa ndipo Josephina alipokuwa akiparudia kwa mawazo maisha yake yote yaliyofuata, akiwa shambani, akiwa anapepeta maharage, akiwa kanisani. Kwa sababu Marcel wakati huo alikuwa juu ya kichuguu, amewapa mgongo, anabipu. Nickson alikuwa anamtazama mama yake. Saidi alikuwa ameshasimama. Kama angeinuka tu, wangeinuka wote, na mzee angepiga kelele halafu angefuata. Lakini mdomo wake ulisema maneno ya mumewe, tena kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Reverien anakuja, mwanangu. Vumilia kidogo."

Rabia hakubishana. Alifumba macho.

*

Reverien alipiga mwenyewe saa nne na robo. "Kaka, mvua ilinibana hapa kwa jirani. Inakatika. Niko njiani kabisa." Marcel alisema, "Egome, egome, fanya haraka," kwa sauti ya mtu anayeomba. Mtu aliyezoea kupiga baragumu na watu wakaja mbio, leo anaombaomba kwenye simu mbele ya mke na mwanawe. Josephina alimwonea huruma kwa kitambo kidogo, kisha huruma ikaisha.

Baada ya hapo uchungu haukumpanda tena Rabia. Mwanzo walifikiri anapumzika. Josephina aliingiza mkono chini ya blanketi kuweka kanga kavu, akakuta ile iliyokuwapo imelowa, nzito, ya moto. Aliutoa mkono akaufuta kwenye nyasi upesi, Nickson asione. Alimshika Rabia kwenye shingo, hapa chini ya sikio. Akamshika tena, upande wa pili.

"Rabia," aliita. "Rabia we."

"Amezimia," alisema Nickson.

Josephina alimwangalia mwanawe.

"Amezimia," Nickson alirudia, kwa nguvu zaidi. "Anazimia hivi hivi. Hata siku ile ya malaria alizimia. Tumbebeni. Wakimtia dripu nyingine atazinduka."

Chupa ya dripu ilikuwa imeacha kudondosha. Abdalah, pale juu ya jiwe lake, alikuwa ameona, maana midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti. Saidi alikuwa ameweka mikono kichwani. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na moyo wa kumwambia Nickson kitu.

Josephina alisimama. Alichukua kanga aliyokuwa amefungia mzigo, akaisokota ngata, ngata ileile anayosokota kila siku ya maji na ya kuni, akaiweka begani badala ya kichwani. Alikwenda mbele ya ngobyi, mkono wa kushoto, akachuchumaa.

"Shika," alimwambia Marcel.

Marcel alifungua mdomo. Alimtazama mkewe, akamtazama Rabia, na safari hii mdomo ulijifunga wenyewe. Alikuja akachuchumaa mkono wa kulia. Vijana wakashika nyuma, Abdalah akawaashiria waende wamwache.

Wakainuka.

Haikuwa nzito. Jamani, hicho ndicho kilichomvunja Josephina. Alikuwa amejiandaa kwa uzito, kwa bega kukatika, kwa magoti kusema haya basi, na kumbe ilikuwa pungufu ya gunia la mahindi, tena gunia hakuna wa kukusaidia ncha nyingine. Hatua zake zilijua zenyewe pa kukanyaga. Marcel alianza kuita, "Jiwe, kulia," kisha akaacha, kwa sababu mkewe alikuwa ameshalipita jiwe. Walipanda. Hawakupumzika pumziko la tatu. Machozi yalikuwa yanamtoka na mikono haikuwa na nafasi ya kuyafuta, akaacha yatoke. Alijichukia. Alimchukia na mumewe, lakini kwanza alijichukia mwenyewe, kwa kile alichokuwa nacho begani muda wote ule akakikalia.

"Mama, taratibu, utamwamsha," alisema Nickson nyuma, na mama yake akauma midomo.

Karibu na juu, kwenye mashamba ya kwanza ya muhogo, walikutana na Reverien. Alikuwa amevaa shati safi na mwavuli mkononi. Alipoona nani yuko chini ya mti alisimama katikati ya njia, mdomo wazi.

"Shemeji! Aah, shemeji, hapana. Lete, niachie mimi."

"Pisha," alisema Josephina.

"Kaka, mwambie basi..."

"Pisha njia, Reverien," alisema Marcel.

Reverien akaingia kwenye muhogo wakapita. Akawafuata nyuma na mwavuli wake, hajui aufungue au aufunge. Kutoka pumziko la pili mpaka barabarani walikuwa wametumia dakika hamsini.

*

Gari la wagonjwa lilikuwa pale, limeegeshwa mbele ya duka, matairi yamekauka tope. Dereva aliruka akafungua milango ya nyuma. Muuguzi wa kwenye gari, dada mdogo wa miwani, alikuja na glovu zake tayari mikononi, akasema wekeni hapa, akainama. Alishika shingo kama Josephina alivyoshika. Aliweka kifaa tumboni, akasikiliza mahali pamoja, akasikiliza pengine, akasikiliza muda mrefu huku Nickson akimtazama usoni kama anayesoma. Kisha akafunika kanga mpaka juu.

"Poleni sana," alisema. "Wote wawili. Muda kidogo sasa."

Nickson hakulia. Alikaa chini kwenye changarawe, akaanza kukunja blanketi lililokuwa limeanguka, akalikunja vizuri, pembe kwa pembe, akalikunjua, akalikunja tena. Saidi alikwenda nyuma ya duka na huko ndiko alikolia, sauti ikasikika mpaka barabarani. Watu wa Rusenyi walikuwa wameanza kujaa. Baadhi yao walikuwa wanaume, wengi tu, wamefunga mikono vifuani, wanauliza taratibu ni wa nani.

Muuguzi alimwomba Josephina ile barua ya rufaa. Ilikuwa imelowa lakini inasomeka. Akatoa ubao wenye karatasi nyingine, akauweka juu ya bonete ya gari.

"Samahani, wazee wangu. Hii lazima nijaze hapa hapa. Kifo cha mama mjamzito kinaandikwa. Mliondoka zahanati saa ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu," alisema Marcel.

Muuguzi aliandika. Alitazama saa yake, akaandika tena. Alisoma mistari miwili, akarudia kuisoma.

"Hapa inaonyesha mmekuwa njiani kwa muda wa saa tano. Sisi tumefika hapa saa tatu kasoro." Hakuwa anawalaumu, alikuwa anauliza kama kazi inavyomtaka. "Sababu ya kuchelewa niandike nini?"

Marcel alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, anaizungusha. Alikuwa amezeeka asubuhi ile. Watu walikuwa wamesogea, na Reverien alikuwa mbele yao.

"Andika mvua," alisema. "Njia mbaya, na mvua."

Kalamu iliinama.

"Usiandike mvua," alisema Josephina.

"Mama Nickson."

"Mvua haikutuzuia." Ngata ilikuwa bado begani kwake, hakuwa ameikumbuka. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini wote walimsikia. "Andika tulikuwa tunamsubiri mwanamume."

Muuguzi aliinua macho. "Mwanamume gani, mama? Nahitaji jina."

Josephina aliwatazama wanaume wa Rusenyi waliosimama pale, akamtazama Reverien na mwavuli wake, akamtazama mumewe.

"Yeyote," alisema.